NENO «KUVUNJA»: MAANA ZAKE NA ASILI YAKE

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini

Yako maneno ambayo mtoto huyajua kabla hajaweza kuhesabu hadi kumi. «Kuvunja» ni mojawapo. Mama hulitamka akiona vigae karibu na mlango. Wazee hulitamka barazani wanapotaja sheria iliyodharauliwa. Katekista hulitamka anapofundisha Amri za Mungu. Kwa kuwa neno hili linasikika kila siku, wengi hudhani hakuna haja ya kulichungua. Lakini chombo kinachotumika kila siku ndicho kinachopasa kujulikana vizuri zaidi, kwani asiyejua kushika jembe hujikata mguu.

Somo hili lina sehemu sita. Linaonyesha kwanza maana ya neno lenyewe na ndugu zake. Kisha miisho yake, ambayo kwayo mtu hukiri au hukwepa tendo lake. Kisha matumizi yake kwa mambo yasiyoonekana, desturi, na asili yake. Mwisho linaeleza kwa nini katika Misa mkate humegwa. Anayejua kusoma awasomee wasiojua, polepole, sehemu moja kwa siku moja.

1. Kuvunja na ndugu zake

Maana ya kwanza ya kuvunja ni kukitenga kitu kigumu vipande kwa nguvu, kisiweze tena kufanya kazi yake kama zamani. Fimbo huvunjwa, mfupa huvunjwa, mtungi huvunjwa, mpini wa shoka huvunjwa. Kitu laini hakivunjwi. Hakuna asemaye amevunja kitambaa, wala amevunja ndizi mbivu.

Lugha za Ulaya mara nyingi hutosheka na neno moja mahali ambapo Kiswahili kina mengi. Tazameni jinsi kila kazi ya mkono ilivyopewa neno lake:

Kukata ni kutenga kwa makali ya kisu au shoka. Kupasua ni kutenganisha kwa urefu, kama ubao, au kufungua kwa ufa, kama yai. Kuchanja ni kupasua kuni. Kurarua na kuchana ni kutenga nguo au karatasi kwa kuivuta. Kubomoa ni kuangusha kilichojengwa, kama ukuta au daraja. Kuponda ni kukigandamiza kitu hata kilainike au kisagike. Kubanja ni kuvunja ganda la kokwa au la karanga ili kupata kilichomo ndani. Kukonyoa ni kutenga kwa vidole hindi au kijiti kutoka shinani pake. Kumega ni kutenga kwa mkono sehemu ya chakula ili iliwe.

Mtu anayechanganya maneno hayo husikika kama mgeni. Tena huweza kuleta matata. Ikisemwa kwamba mwizi amevunja nyumba, maana yake ameingia ndani kwa nguvu ili aibe; nyumba ingali imesimama. Ikisemwa kwamba fundi amebomoa nyumba, maana yake haipo tena. Mwenye nyumba anayesikia habari hizo akiwa safarini hatalia machozi ya namna moja.

Katika maneno yote hayo, lishikeni hasa la mwisho, yaani kumega. Litarudi mwishoni mwa somo.

2. Nani amevunja? Miisho minne ya neno moja

Kiswahili hufanya jambo kubwa kwa silabi ndogo. Mzizi ni mmoja, lakini mwisho wake ukibadilika, maneno hubeba habari nyingine.

«Kuvunja» humtaja mtenda: Mtoto amevunja mtungi. 

«Kuvunjwa» husema kwamba yuko mtenda, hata kama jina lake halikutajwa: Mtungi umevunjwa. Msikiaji anajua kwamba mkono wa mtu ulikuwapo, naye huuliza: na nani?

«Kuvunjika» hutaja hali tu: Mtungi umevunjika. Hapa mtenda hayumo kabisa. Huenda upepo uliusukuma, huenda mbuzi aliugonga, huenda ulikuwa na ufa tangu zamani. Mwisho huo pia huonyesha uwezekano: chuma hiki hakivunjiki, yaani hakuna awezaye kukivunja.

«Kuvunjia» humleta mtu wa tatu, yaani yule aliyepatwa na hasara: Amemvunjia jirani mtungi wake. Tena: Amemvunjia mzee heshima.

Basi, kila mtoto wa shule hutambua upesi faida ya «umevunjika». Aliyetumwa mtoni akarudi na mikono mitupu hasemi «Mama, nimeuvunja mtungi». Husema «Mama, mtungi umevunjika». Hakusema uwongo, maana mtungi umevunjika kweli. Lakini amejiondoa mwenyewe katika habari ile, kama mtu atokaye kwa mlango wa nyuma.

Watu wazima nao wanaujua mlango huo. Na tutoe mfano. Kijana mmoja aliazima baiskeli ya kaka yake ili apeleke mihogo sokoni. Kaka alimwambia abebe gunia moja, kwa sababu njia ina mteremko mkali. Kijana akabeba magunia mawili. Jioni akarudi kwa miguu, akiikokota baiskeli. Chuma kinachoshika gurudumu la mbele kilikuwa vipande viwili. Akasema: «Kaka, baiskeli imevunjika.» Kaka akanyamaza. Siku nyingi zikapita wasile pamoja. Hatimaye habari ikafika mbele ya wazee.

Mzee mmoja akamwuliza kijana: «Mwanangu, baiskeli ya kaka yako ina nini?»

Akajibu: «Baba, imevunjika.»

«Imevunjika yenyewe ilipokuwa imeegemea ukuta?»

«Hapana, baba. Imevunjika mteremkoni.»

«Ilikwenda mteremkoni peke yake?»

Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka. Akangoja. Kijana akainamisha kichwa, kisha akasema: «Baba, nimeivunja mimi. Nilipakia magunia mawili.» Akamgeukia kaka yake, akasema: «Kaka, nimekuvunjia baiskeli yako. Unisamehe.»

Kaka akainuka, akasema kwamba fundi wa kuchomea vyuma atalipwa na wote wawili, nusu kwa nusu. Hasira yake haikuwa kwa ajili ya chuma. Siku zile zote alikuwa akingoja silabi moja ibadilike.

Kwa mkatekumeni jambo hili si la sarufi tu. Atakapokwisha kubatizwa ataitwa pia kuungama dhambi zake. Asemaye «amri imevunjika nyumbani kwangu» amesimulia habari kama mpita njia. Asemaye «nimevunja amri» ameungama. Na asemaye «nimemvunjia mke wangu ahadi niliyompa» ameungama zaidi, kwa maana amemtaja na yule aliyeumia. Vivyo hivyo mwanamume aliyemfukuza mke wake, kisha akalalamika kwamba «ndoa imevunjika», na ajiulize kama neno alilolichagua ndilo kweli. Ziko ndoa zinazoingiwa na msiba pasipo kosa la mmoja wao, nako kusema «imevunjika» ni haki. Lakini mara nyingine mwisho ule hutumika kama jani la kufunikia.

3. Kuvunja yasiyoonekana

Kutoka mtungi na mfupa, neno likahamia kwenye mambo ambayo jicho haliyaoni. Watu huvunja ahadi, sheria, amri, urafiki, mwiko, heshima na amani. Kwa nini mambo hayo yalionwa kama vitu vigumu vinavyoweza kuvunjika? Kwa sababu kila moja ni kitu kinachobeba. Mtungi hubeba maji. Ahadi hubeba tumaini la mtu mwingine. Ukivunja mtungi, maji humwagika. Ukivunja ahadi, kilichomwagika ni tumaini la mwenzako, na tumaini haliokotwi kirahisi kutoka mavumbini. Ndiyo maana wazee husema: ahadi ni deni.

Tazameni pia namna Kiswahili kinavyosema juu ya mwili. Aliyeanguka mtini mara nyingi hasemi tu kwamba mguu wake umevunjika. Husema: nimevunjika mguu. Aliyevunjika ni mtu mzima, si kiungo tu. Na kwa namna ile ile husemwa: amevunjika moyo. Maana yake si kwamba moyo umekufa. Ni kwamba mtu amepoteza nguvu ya kuendelea. Anayemwambia mwanafunzi kila siku «hutajua kusoma kamwe» amemvunja moyo, na tendo hilo ni kuvunja kweli, hata kama hakuna kigae kinachoonekana. Maandiko Matakatifu nayo hutumia mfano huo kwa maana nyingine. Zaburi ile ya toba, ambayo katika hesabu ya Kilatini ni ya 50 na katika hesabu ya Kiebrania ni ya 51, husema kwamba Mungu haudharau moyo uliovunjika kwa majuto. Huko moyo uliovunjika ni moyo ulioacha ugumu wake.

Yako pia matumizi yasiyo na ubaya wowote. Mwenyekiti huvunja mkutano, yaani huufunga na watu hutawanyika kwa amani. Mfanya biashara huvunja noti kubwa apate ndogo. Thamani haikupungua, imegawanyika tu. Watu wa Rwanda wamelichukua neno hili kutoka Kiswahili kwa maana hiyo hiyo ya kubadilisha fedha. Mtu anayesema kwanza pale ambapo wote walikaa kimya huvunja kimya. Aliyesikia kichekesho kikubwa husema amevunjika mbavu, ingawa mbavu zake ni nzima.

Lakini angalieni jambo moja linalowadanganya wanaotafsiri neno kwa neno. Kifaransa husema déjeuner, na ndani ya neno hilo limo wazo la kuacha kufunga. Waingereza nao, kwa chakula cha asubuhi, hutumia neno lenye maana ya kuvunja mfungo. Kiswahili hakisemi hivyo. Kwa Kiswahili, anayekula baada ya saa ya mfungo kutimia amefungua. Anayekula kabla ya saa amevunja mfungo wake. Wa kwanza ametimiza; wa pili ameharibu. Mlango hufunguliwa kwa ufunguo na mwenyewe. Mlango huvunjwa na mwizi. Lugha imetofautisha vizuri.

4. Jungu na mdudu wake

Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako Kiswahili kilikua, wako Waislamu wengi. Siku za mwisho wa mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo wa Ramadhani kuanza, watu hukutana, hula na kufurahi. Sherehe hiyo huitwa kuvunja jungu. Jungu ni chungu kikubwa. Wakristo wa Ulaya nao walikuwa na desturi ya namna hiyo kabla ya Kwaresima kuanza. Kila mahali mwanadamu anayekaribia siku za kujinyima hutaka kwanza kushiba.

Yuko pia mdudu mmoja, mwembamba, wa rangi ya majani au ya nyasi kavu, anayesimama akiwa amekunja miguu ya mbele kama mtu anayesali. Jina lake ni kivunjajungu. Watu wa zamani waliamini kwamba anayemgusa mdudu huyo atavunja chombo cha kwanza atakachokishika baadaye. Mkristo hana sababu ya kuamini hivyo. Mdudu hana nguvu juu ya vyungu. Chakula chake ni wadudu wenzake, na kwa hiyo ni rafiki wa mkulima. Lakini na ieleweke kwa nini imani ile iliwapendeza watu. Ni kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya pili: mtu anapovunja chungu, ni raha kumpata mwingine wa kushtakiwa, hata akiwa mdudu.

5. Asili ya neno

Katika Kiswahili yamo maneno mengi yaliyotoka Kiarabu. Ahadi, sheria, amri na heshima ni ya asili hiyo. Lakini kuvunja si la Kiarabu. Ni neno la Kibantu tangu mwanzo. Basi anayesema «kuvunja ahadi» ameunganisha kitenzi cha mababu wa Bara na jina lililoletwa na biashara ya baharini, nayo yakakaa pamoja kama mume na mke.

Jina «Bantu» kwa ajili ya lugha hizi lilienezwa na mjuzi Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1862. Baada yake Carl Meinhof alitoa mwaka 1899 kitabu juu ya sauti za lugha za Kibantu, akaonyesha kwamba tofauti zao zina utaratibu. Mwingereza Malcolm Guthrie alitoa kazi yake kubwa kati ya mwaka 1967 na 1971; na huko Tervuren, Ubelgiji, wajuzi wa Jumba la Makumbusho ya Afrika walikusanya orodha ndefu ya mizizi ya maneno ya kale. Mizizi hiyo huandikwa na nyota mbele yake, kuonyesha kwamba hakuna aliyeiona imeandikwa popote. Imepatikana kwa kulinganisha tu.

Hata mtu asiye na kitabu anaweza kuonja kazi yao. Na aanze na neno mvua. Kiswahili husema mvua. Kinyarwanda husema imvura. Kibemba husema imfula. Kikongo na Kiluba husema mvula. Lingala husema mbula. Ni neno moja katika nguo mbalimbali. Palipo na v kwa wengine, Kibemba huweka f. Na Lingala inaonyesha b, ambayo ndiyo sauti ya kale. Wajuzi husema kwamba b hiyo ilipofuatwa na u iliyobanwa sana mdomoni iligeuka v katika lugha nyingine na f katika nyingine.

Sasa na aweke kando yake neno la somo hili. Kwa Kinyarwanda na Kirundi, kuvuna ni kuvunja, kama mti au mfupa. Na kuvunika ni kuvunjika. Kwa Kibemba, kufuna ni kuvunja. Kwa Kishona, lugha ya Zimbabwe, ni kuvhuna. Kwa Kikuyu cha Kenya ni kuuna, ambako sauti ya kwanza imepotea kabisa. Utaratibu ni ule ule wa mvua: v huku, f kule. Mzizi wa kale huandikwa bun-. Kiswahili kimeuvika sauti ya j nyuma yake, ukawa vunja na vunjika.

Lakini msomaji mwangalifu atasimama hapa na kuuliza: Je, kwa Kiswahili kuvuna si kukusanya mazao shambani? Ndiyo. Na kwa Kizulu pia, huko Afrika ya Kusini, kuvuna ni kazi ya mavuno. Basi neno lenye sauti moja, huku maana yake ni kuvunja na kule ni kukusanya mazao. Mtu yeyote aliyelima anaweza kuona jinsi maana hizo mbili zinavyokaribiana. Mahindi yakikauka, mvunaji hushika hindi na kulivunja kutoka kwenye bua. Kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika, watu walikuwa na mtama na ulezi, na masuke yake pia hutengwa na mashina yake kwa mkono au kwa kisu. Katika shamba, kuvunja si hasara. Hindi lisilovunjwa kutoka buani huliwa na ndege na fuko la mwenye shamba hubaki tupu.

Wazungu nao wana jamaa za maneno namna hiyo. Kilatini husema frangere, Kiflamandi husema breken, na maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Utaratibu wake unaonekana katika neno ndugu: Kilatini frater, Kiflamandi broeder. F ya Kilatini hukutana na b ya Kiflamandi, kama v ya Kiswahili inavyokutana na f ya Kibemba. Kutokana na frangere Kifaransa kimepata fragile, yaani kinachovunjika upesi, na fraction, ambayo watoto wa shule huijua katika hesabu: nusu, theluthi, robo. Nayo ni hesabu ya kitu kizima kilichogawanyika.

Kiswahili chenyewe kilifika katika nchi ya Kongo kwa misafara ya wafanya biashara wa karne ya 19, waliopita Ujiji na kuvuka Tanganyika hata Nyangwe na Kasongo. Misafara hiyo ilileta vitambaa na bunduki, ikachukua pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Lugha iliyofika kwa njia ile ya machozi ikabaki, ikawa lugha ya soko, ya shule na ya sala. Wamisionari wa Afrika, wale waitwao Mapadri Weupe, walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala upande wa Kongo. Padri Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyeishi miaka mingi pwani, alitoa sehemu ya kwanza ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa mwaka 1939. Kutafsiri mafundisho kulidai kupima kila neno, na neno la kuvunja lilipimwa kwa uangalifu wa pekee, kama inavyofuata.

6. Kwa nini mkate humegwa

Yezu Kristu katika karamu ya mwisho alitwaa mkate, akashukuru, kisha akatenda jambo ambalo Kilatini cha Misa hulitaja kwa neno lile lile frangere. Wakristo wa kwanza waliliheshimu tendo hilo hata wakaiita Ekaristi yenyewe kwa jina lake, kama inavyosomwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 2. Na wale wanafunzi wawili wa Emau, waliotembea naye njia nzima wasimjue, walimtambua mezani katika tendo hilo hilo. Habari iko katika Injili ya Luka, sura ya 24.

Tendo hilo lisemweje kwa Kiswahili? Njia nyepesi ingekuwa kusema «akauvunja». Lakini wengi wa watafsiri walichagua «akaumega». Sababu yake iko jikoni mwa kila nyumba. Ugali ukiletwa mezani katika sahani moja, wote huketi kuuzunguka, na kila mmoja humega tonge lake. Hakuna asemaye kwamba ugali umevunjika au umeharibika. Umetimiza kazi yake. Ungebaki mzima, watu wangelala njaa.

Basi maneno mawili, njia mbili. Anayevunja mara nyingi hupunguza: mtungi mmoja huwa si mtungi tena. Anayemega huongeza: mkate mmoja huwa chakula cha wengi, na wanaoula huwa wamoja. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto jambo hilo katika waraka wa kwanza, sura ya 10: mkate ni mmoja, nao walio wengi ni mwili mmoja kwa sababu wanaushiriki. Wakati Mwanakondoo wa Mungu inapoimbwa au kusaliwa, padri humega Hostia takatifu, na kipande kidogo hukitia katika kalisi. Wakatekumeni wanaoitazama altare kwa mbali na waliangalie tendo hilo dogo. Lilikuwako kabla ya makanisa ya mawe kujengwa.

Yohane mwinjili, katika sura ya 19, hueleza jambo linalolingana nalo. Askari walivunja miguu ya wale wawili waliosulibiwa pamoja na Yezu, ili wafe upesi. Walipomfikia Yezu walimkuta amekwisha kufa, wasimvunje mfupa hata mmoja. Mwinjili anakumbuka hapo sheria ya mwanakondoo wa Pasaka, ambaye mifupa yake haikupaswa kuvunjwa; imo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12. Aliyejitoa amegwe kwa ajili ya wote hakuvunjwa na mikono ya askari.

Mwisho wa somo

Katika kitabu hicho cha Kutoka, sura ya 32, Musa aliteremka mlimani na mbao mbili za mawe zilizoandikwa amri. Akakuta watu wanacheza mbele ya ndama wa dhahabu. Kwa hasira akazitupa mbao, zikavunjika chini ya mlima. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuzivunja amri kabla mawe hayajagusa ardhi. Mawe yalionyesha tu kile kilichokwisha kutendeka mioyoni. Haruni, alipoulizwa, alijibu kwamba alitupa dhahabu motoni na ndama akatoka. Kana kwamba ndama alijitengeneza mwenyewe, kama baiskeli iliyojivunja mteremkoni. 

Hata hivyo habari haikuishia kwenye vigae. Katika sura ya 34 Musa aliamriwa kuchonga mbao nyingine mbili, mfano wa zile za kwanza, na maneno yale yale yakaandikwa tena. Wahunzi wa zamani walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo huundwa upya, na moto ungali unawaka. Lakini mhunzi hawezi kuunda koleo jipya akiendelea kusema kwamba lile la kwanza lilivunjika lenyewe. Husema kwanza ni nani aliyelivunja, kisha hushika nyundo.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kuvunja nyumba na kubomoa nyumba?

2. Semeni kwa njia nne, kwa kubadili mwisho wa neno, habari ya chungu kilichokuwa kizima asubuhi na vigae jioni. Katika njia hizo, ipi humtaja mtenda? Ipi humtaja aliyepata hasara?

3. Kwa nini anayekula saa ya mfungo ikitimia hasemwi kwamba amevunja mfungo?

4. Tafuteni katika lugha ya nyumbani kwenu neno la kuvunja na neno la mvua. Je, sauti zake za kwanza zinafanana na zile zilizotajwa katika sehemu ya tano?

5. Kwa nini katika Misa husemwa kwamba mkate humegwa?

6. Kila mmoja na atafute moyoni mwake, bila kuwaambia wengine, jambo moja ambalo amezoea kusema «limevunjika». Kisha na ajaribu kulisema kwa mwisho mwingine.